Barua ya wazi kwa Pac-12: Chuo kijacho kiwe New Mexico, na kilicho mbali kije na futiboli peke yake

Kwa: Kamishna Teresa Gould, pamoja na marais wa vyuo wanaounda Bodi ya Pac-12, ligi ya michezo ya vyuo vya magharibi mwa Marekani

KUH: CHUO KITAKACHOFUATA KUALIKWA

Bi. Gould na waheshimiwa marais,

Nawaandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo najua haitumiki ofisini kwenu, na nakala ya Kiingereza nitaituma kwa njia ya kawaida. Nimeanza na lugha hii kwa sababu wenye haki ya kuisoma barua hii mapema ni wazazi wa Eldoret, Arusha, Bujumbura na Kigali, ambao watoto wao huja kwenye vyuo vya Marekani kwa ufadhili wa michezo, na ambao hupata habari za ligi hizi pale mambo yanapokuwa yamekwisha kuamuliwa. Wengi wao hawajawahi kutazama hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Hata hivyo ni futiboli hiyo inayoamua binti yao atalala wapi Jumatano usiku ilhali ana mtihani Alhamisi asubuhi.

Mimi mwenyewe nililetwa huku na miguu yangu. Nilikimbia mbio za nyika kwa chuo kimoja cha magharibi ambacho sitakitaja, nikahitimu, nikabaki, na leo naishi Spokane, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Pullman, mji wa chuo cha Washington State. Ombi langu ni moja, ingawa lina pande mbili. Chuo kijacho mtakachokialika kuwa mwanachama kamili kiwe University of New Mexico. Na chuo chochote cha mashariki ya mbali, ikiwa hamna budi kukichukua, kije na timu yake ya futiboli tu, michezo yake mingine ikibaki kucheza karibu na kwao.

Kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuifuatilia hadithi hii, nitaieleza kwa ufupi. Ligi yenu ilianza mwaka 1915 ikiitwa Pacific Coast Conference, ikiwa na vyuo vinne: California, Washington, Oregon na Oregon State. Ilikua pole pole, ikafikia vyuo kumi mwaka 1978 na kumi na viwili mwaka 2011. Kisha Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza kuhamia ligi ya Big Ten, mwaka uliofuata Colorado wakaenda ligi ya Big 12, na Ijumaa ya tarehe 4 Agosti 2023, ndani ya siku moja, vyuo vitano vikaaga: Oregon na Washington wakaelekea Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah wakaelekea Big 12. Stanford na California wakajiunga na Atlantic Coast Conference, ligi yenye jina la bahari ambayo wao hawaioni. Wakabaki wawili tu, Oregon State wa Corvallis na Washington State wa Pullman, wakaenda mahakamani kudai uendeshaji wa ligi na mali yake, wakashinda, wakacheza misimu miwili ya 2024 na 2025 wakiwa ligi ya timu mbili.

Sikuandika ili kuwalaumu kwa hayo, maana mliobaki ndio mliotendewa. Tena namna mlivyoijenga upya nyumba imekuwa ya kuheshimika. Septemba 2024 mliwapata Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, kisha Utah State. Oktoba mkampata Gonzaga, ambaye hana futiboli kabisa. Na tarehe 30 Juni 2025, siku moja kabla ada yake ya kujitoa ligi ya Sun Belt haijapanda kutoka dola milioni 5 hadi milioni 10, mkampata Texas State, akawa mwanachama wa nane wa futiboli. Wanane ndio idadi ambayo kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaidai. Kwa hiyo kuanzia Julai 2026 hamko tena katika hali ya mtu anayekimbizwa. Safari hii mna nafasi ya kuchagua kwa utulivu, na ndiyo maana naandika sasa.

Jambo ambalo ligi ya zamani ililijua, na ambalo katika mijadala ya sasa ya mashabiki na wachambuzi silisikii likitajwa, ni kwamba ramani yake ilipangwa kwa pacha. Washington na Washington State, Oregon na Oregon State, California na Stanford, USC na UCLA, Arizona na Arizona State: kila chuo kilikuwa na jirani yake. Timu ya mpira wa kikapu ya Arizona wa Tucson ikisafiri kwenda Oregon ilicheza Alhamisi Eugene na Jumamosi Corvallis, miji iliyo umbali wa kilomita zisizofika 70, ikarudi nyumbani Jumapili. Safari moja ya ndege, mechi mbili. Hesabu hiyo ilikuwa rahisi kiasi kwamba aliyeibuni pengine hakuiona kuwa ni ubunifu, lakini ndiyo iliyowawezesha wanafunzi wa fizikia na uuguzi kuwa wachezaji na bado wakaingia maabara.

Sisi wakimbiaji tulikuwa na nafuu, lazima niseme, kwa sababu mbio za nyika hazina mechi za kila wiki. Lakini hata sisi tulionja. Oktoba mmoja, wakati chuo chetu kilipolazimika kwenda mbali kwa sababu ya mipango ya ligi ambayo hatukuulizwa, nilifanya mtihani wa takwimu nikiwa nimeketi kwenye kochi la hoteli, karatasi zikiwa juu ya trei ya kifungua kinywa, kocha msaidizi akiwa msimamizi na saa yake ya mkononi ya kupimia mbio ikihesabu dakika tisini. Mashine ya kahawa ilikuwa inanguruma nyuma yangu. Nilipata alama ya wastani. Sijui ningepata ngapi darasani, wala simlaumu kocha yule, kwa kuwa yeye pia alikuwa hajalala.

Mpwa wangu, ambaye ni mchezaji wa voliboli kwenye chuo cha ligi nyingine iliyotanuka kutoka bahari moja hadi nyingine, hunitumia ratiba zake kwa WhatsApp. Moja naikumbuka vizuri: kuondoka bwenini saa kumi na robo alfajiri, ndege ya kwanza, kungojea kwa saa tatu, ndege ya pili, basi, mazoezi, mechi kesho yake, kisha mji mwingine. Chini yake aliandika, "Mjomba, hapo pa kusoma wamesahau kupaandika." Alimaliza ujumbe kwa kikaragosi cha kucheka. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hakucheka alipoonyeshwa.

Nirudi Pullman kidogo, maana hapo ndipo Wakenya walipoijua ligi yenu kabla hata hawajajua kwamba ina futiboli. Miaka ya sabini Kocha John Chaplin wa Washington State aliwaleta vijana wetu kwenye vile vilima vya ngano vya Palouse, na mmoja wao, Samson Kimobwa, akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata mwenzake, Henry Rono, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Watu huzitaja rekodi hizo nne kwa muda na umbali wake. Mimi nawaomba mziangalie kwa mahali zilipovunjwa. Ya mita 5,000, dakika 13:08.4, ilivunjwa Berkeley tarehe 8 Aprili 1978. Ya mbio za kuruka viunzi na maji, dakika 8:05.4, ilivunjwa Seattle tarehe 13 Mei. Zile mbili za mwisho ndizo zilizomfikisha Vienna na Oslo. Yaani nusu ya kazi ile, ambayo haijawahi kurudiwa, ilifanyika katika miji ya vyuo vya ligi yake mwenyewe, mwanafunzi akitoka chuoni na kurudi chuoni. Baada yake, katika kizazi kingine, akaja Bernard Lagat, naye akasoma hapo hapo Pullman. Rono alifariki Nairobi Februari 2024, ligi aliyoikimbilia ikiwa karibu kubakiwa na vyuo viwili.

Nayataja haya kwa sababu ya tangazo la Juni 2025, ambapo Washington State walisema wanaondoa michezo ya kurusha na kuruka katika riadha yao na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu, habari hiyo ingeweza kuonekana ni njema. Mimi niliisoma kama mtu anayesikia nyumba ya jirani ikiungua. Tangu Juni 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, kila chuo kinatafuta pa kukata. Hakuna anayekata futiboli. Kila dola inayoteketea kwenye ndege ya timu ya softiboli kuelekea mji ulio upande wa pili wa bara ni dola inayotafutiwa fidia kwa mrusha mkuki.

Sasa tuje kwenye majina. Septemba 2024 mliwaalika Memphis, Tulane, South Florida na UTSA, wote wanne wakachagua kubaki katika ligi yao, American. Bado kila msimu jina la Memphis linarudi kwenye midomo ya watu, na sababu zake nazielewa: mji mkubwa, soko la televisheni, mpira wa kikapu wenye historia. Lakini tayari mna Texas State huko San Marcos, na kutoka San Marcos hadi Pullman kwa njia ya ndege ni takribani kilomita 2,500. Msomaji wa Nairobi apime: ni mbali kuliko kutoka kwake hadi Kinshasa. Texas State ni mwanachama kamili na mkataba ni mkataba, wala siombi wafukuzwe. Chuo chenye wanafunzi zaidi ya 40,000 kati ya Austin na San Antonio kina faida zake. Ninachosema ni kwamba amekaa peke yake. Hana pacha. Na Colorado State wa Fort Collins hana pacha. Ukimwongeza Memphis, utakuwa na wapweke watatu.

New Mexico anakaa katikati ya upweke huo. Kutoka Fort Collins hadi Albuquerque ni barabara moja, Interstate 25, kama kilomita 820, na kutoka Denver ndege hufika kwa saa moja na ushei. Kutoka Albuquerque hadi San Marcos kwa njia ya angani ni kama kilomita 1,000. Timu ya Corvallis inayokwenda kucheza na Colorado State Alhamisi inaweza kucheza Albuquerque Jumamosi na kurudi nyumbani. Timu ya Texas State inapata kwa mara ya kwanza jirani ambaye si wa kuvuka milima mitatu kumfikia. Pengo kubwa kuliko yote kwenye ramani yenu linazibwa na chuo kimoja.

Mtaniuliza juu ya futiboli, na mna haki, kwa kuwa ndiyo inayolipa bili. Kwa miaka mingi futiboli ya New Mexico ilikuwa ya kuhurumiwa, hilo silipingi. Lakini Septemba 2025 walikwenda uwanja wa Rose Bowl wakaifunga UCLA 35 kwa 10, UCLA ile ile iliyowaacha ninyi ikaenda kutafuta hela Big Ten. Ushindi mmoja haujengi timu, ila unaonyesha kwamba timu inaweza kujengwa. Na kwa upande wa kukaribisha watu, ukumbi wao wa mpira wa kikapu unaoitwa The Pit, uliochimbwa ardhini, ni miongoni mwa kumbi ambazo wageni huogopa kucheza. Ligi yenye Gonzaga, aliyefika fainali ya taifa mwaka 2017 na 2021, inahitaji ukumbi kama huo Januari kuliko inavyohitaji uwanja mwingine wa futiboli Novemba.

Riadha yao sitaisemea kwa kirefu, kwa sababu hapo mimi si shahidi asiye na upande. Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake inakaribiana na ya Nairobi, na wanawake wao walitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za nyika mwaka 2015 na 2017. Mwaka huo wa 2017 aliyemaliza wa kwanza nchi nzima alikuwa binti wa Kenya, Ednah Kurgat, akiwa amevaa jezi yao. Nyumbani Bonde la Ufa, ukisema New Mexico, watu wanajua.

UNLV, chuo cha Las Vegas, anatajwa pia, na simkatai. Las Vegas ni pacha wa haki kwa San Diego, wana uwanja wa Allegiant, na walifika fainali ya ligi ya Mountain West mwaka 2023 na 2024, mara zote mbili wakifungwa na Boise State. Kama kuna nafasi ya kumi, iwe yao, na Nevada wa Reno afikiriwe kwa ajili ya Fresno. Lakini nafasi ya tisa ina kazi ya pekee. Timu nane za futiboli zinampa kila mmoja mechi saba tu za ligi, na nyingi ya zilizobaki atazitafuta mwenyewe. Akiongezeka mmoja zinakuwa nane. Huyo mmoja ndiye anayetakiwa kuziba pengo, na aliye pengoni ni New Mexico.

Kuna kikwazo, nakijua. Vyuo vilivyobaki Mountain West, New Mexico wakiwemo, vilitia saini Septemba 2024 kwamba vitakaa pamoja, na kuchomoka kuna bei. Tena ninyi na ligi hiyo mlifikishana mahakamani kwa ajili ya dola milioni 55, adhabu iliyotokana na mkataba wa ratiba mliotia saini wenyewe: milioni 10 kwa chuo cha kwanza kitakachochukuliwa, ikiongezeka nusu milioni kwa kila kinachofuata, hadi watano mliowachukua kwao wakafikisha jumla hiyo. Mtu akiwasoma kutoka nje anaweza kushangaa kwamba majirani wanaogawana uwanja wa ndege mmoja wanalipana mawakili kuliko wanavyolipana nauli. Ushauri wangu ni kwamba safari hii msiende usiku. Nendeni kwa Mountain West mchana, mkiwa na pendekezo la mechi za nje ya ligi kati ya pande mbili kwa miaka kadhaa, ili anayeondokewa na mwanachama asibaki na ratiba tupu. Ninyi mnaijua ratiba tupu. Mlikaa nayo misimu miwili.

Kuhusu vyuo vya mbali, nina mfano ulio karibu nanyi mno. Kuanzia 2026 Northern Illinois wanapeleka futiboli yao peke yake Mountain West, na michezo yao mingine inakwenda Horizon League, karibu na nyumbani. Hawaii walikaa Mountain West kwa futiboli tu tangu 2012. Navy na Army, vyuo vya kijeshi, wanacheza futiboli katika American, na karibu michezo yao mingine yote ipo Patriot League. Ninyi wenyewe mmekwisha kuufungua mlango huo kwa upande wa pili mlipomkubali Gonzaga bila futiboli. Timu ya futiboli husafiri mara tano au sita kwa msimu, mwishoni mwa wiki, kwa ndege ya kukodi. Yenyewe inaweza kwenda Memphis au New Orleans na hakuna anayekosa darasa la Jumatatu. Ni timu ya voliboli, ya softiboli na ya mpira wa kikapu wa wanawake ambazo haziwezi.

Mtasema Memphis hawatakubali kuja nusu, kwa kuwa mpira wao wa kikapu ni fahari ya mji na hauwezi kutupwa kwenye ligi yoyote tu. Nadhani mko sahihi. Basi wasije. Sioni kwa nini heshima ya timu moja ya Memphis ilindwe kwa usingizi wa timu nyingi za Corvallis.

Naomba mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa. La kwanza, kabla ya kura ya kumkubali mwanachama yeyote mpya, tayarisheni ratiba ya mfano ya msimu mzima ya timu ya voliboli ya kila chuo, ikionyesha saa ya kuondoka, saa ya kufika na siku za darasa zitakazopotea, na muiweke hadharani kama mnavyoweka hadharani mikataba ya televisheni. Naamini ratiba hiyo itajadili vizuri kuliko mimi. La pili, kabla ya kura hiyo ratiba ioneshwe kwa wawakilishi wa wanamichezo wa vyuo vyote, pamoja na wale wanaotoka nje ya Marekani, ambao viza zao zinawalazimu kuwa wanafunzi wa muda wote na ambao wakianguka darasani hawapotezi nafasi ya kucheza tu, bali na haki ya kukaa nchini.

Ikiwa yeyote kati yenu angependa kunisikiliza ana kwa ana, nitakuja Pullman siku yoyote mtakayopanga. Kutoka kwangu ni saa moja na nusu kwa gari, na nitarudi kwa chakula cha jioni.

Wenu kwa heshima,

Mkimbiaji wa zamani,
Spokane, Washington